Yai la Bata Tumboni mwa Ndege

Binti yangu Hettie alianza kupaka rangi ndege za vita kiangazi kile cha mwaka 1940, kwenye banda lililopakana na kantini nilimouza chai. Kabla ya hapo alikuwa akifua mashuka ya hospitali, mikono imemchubuka hadi vidole havikunjiki. Nilipomwona na brashi, anaimba, nilishukuru, halafu nikaanza kuogopa. Mimi nikifurahi tu, hutafuta kitakachoharibika.

Kikaharibika. Amri ilikuja kwa simu: mgongo wa ndege ubaki kahawia na kijani, ili adui akiwa juu adhani ni mashamba, tumbo lipakwe rangi iitwayo Anga. Basi Hettie akapaka anga. Buluu nyororo, ya kupendeza.

Bwana Ogden, msimamizi wao, aliingia akashika kichwa. "Anga ya wapi hii, binti?"

"Ya huko juu, Bwana Ogden."

"Umezaliwa hapa hapa Lancashire, kwenye mawingu mwaka mzima. Buluu hiyo umeiona lini?"

Banda zima likaangua kicheko. Bwana Ogden hakucheka. Anga ni jina la kopo tu, alisema. Rangi yenyewe ni kijani cha yai la bata, na rubani anakuja kuichukua ndege yake jioni hii. "Ikiwa na tumbo la rangi ya peke yake, wapiga mizinga wetu watadhani ni Mjerumani. Irekebishe, la sivyo kesho urudi kwenye mashuka."

Niliyasikia yote nikiwa mlangoni mwa kantini. Rubani huyo naye ana mama mahali.

Kopo la Anga halikuwepo, kwa hiyo Hettie akaanza kuchanganya njano kwenye buluu. Lakini kijani kiasi gani? Bwana Ogden akaagiza yai kutoka kwake. Likaja jeupe pe.

"Bata wako hawajapata amri," Hettie akamwambia.

Hapo hata Bwana Ogden mdomo ulimcheza. Nami nikakumbuka bata wa jirani yangu, Bi Entwistle. Mayai yao yalikuwa ya kijani, nasi tulizoea kumtania kwamba anawalisha sabuni. Nikaliacha birika linachemka, nikatoka mbio na aproni yangu.

"Yai la nini saa hizi?" Bi Entwistle akauliza mlangoni kwake.

"La ndege ya vita!"

"Mungu wangu, risasi zimeisha?"

Nilirudi nikihema, yai nimelikumbatia kama kichanga. Hettie aliliweka kwenye ubao wa kujaribia rangi, akaongeza njano, akaongeza tone la kijivu, mpaka yai na rangi vikafanana hadi yai halionekani. Kila mwenye mkono akashika brashi. Mimi nilishika ya kusugulia sakafu.

Rubani alifika tukiwa tunamalizia. Akalishika bawa kwa chini.

"Mbichi!" tukapiga kelele sote, tumechelewa.

Akakitazama kiganja chake cha kijani, akainama kulitazama tumbo. "Sawa kabisa na ya wenzangu," akasema. "Nitasubiri ikauke. Kuna chai?"

Nilimmiminia huku nacheka na kulia, nusu kwenye kikombe, nusu kwenye kiatu chake.

"Ndege ya kesho iko uani, Hettie," Bwana Ogden akasema. "Na yai hilo asile mtu."