Njia ya Tembo Tuliyoisogeza Mimi na Skola

Tumemzika Skola jana, na leo asubuhi nimeshika simu nimpigie, nimwambie jinsi watu walivyojaa.

Kwa msiomjua: Skolastika alikuwa jirani yangu hapa kijijini, huku mbele ya Namanyere. Kwaya tuliimba pamoja, watoto tulizaa pamoja. Jumanne asubuhi tembo alimuua, shambani kwangu mimi. Alikuja kunisaidia kung'oa maharage. Alinitangulia kwa sababu nilikuwa namtafutia mwanangu Deo soksi za shule.

Skola alikuwa na mdomo. Akiniona namsindikiza Deo hadi barabarani ananiambia, "Mama Deo, mwachie mtoto, atafika. Shule haijahama."

Msitu aliujua kuliko wanaume. Kuni, uyoga, dawa ya tumbo, vyote alijua vilipo. Akiona kinyesi cha tembo anakwambia wamepita lini na walikuwa wangapi.

Ndiyo maana walipokuja wataalamu wa mpango wa ardhi, wakataka kutenga ushoroba, yaani njia ya wanyama kushuka kutoka msituni hadi bondeni, wanawake tulimsukuma Skola mbele. Bwana Ardhi akasema tuchore kijiji chini, pale uwanjani kwa ofisi. Magunzi yawe nyumba, majani yawe msitu, majivu yawe njia ya tembo.

Skola akamwaga majivu bila kusita. Yakapita katikati ya shamba langu.

Nikamvuta kitenge. "Skola, hapo ndipo wanangu wanakula."

"Tembo hajui kama una watoto, mama."

Wenzetu wakacheka. Mimi nikalia pale pale, na Skola hakuwahi kuvumilia kuniona nalia.

Watu walipokwenda kula, akafuta majivu kwa unyayo, akamwaga mengine kule kwenye mawe, ambako hata mbuzi hapendi kupita. "Haya, nimekuhamishia. Ila tembo hawakuwepo kwenye mkutano."

Bwana Ardhi aliporudi akauliza, "Akina mama, mna uhakika ni hapa?"

Nilikuwa wa kwanza kuitikia ndiyo.

Akanakili kwenye karatasi, wakapita na GPS yao, wakasimika vigingi vyekundu. Nimelima misimu mitatu nikijiona mjanja.

Tembo wao wakaendelea kupita njia yao ile ile, shambani kwangu. Kila msimu Skola alikuja na debe lake la kupigia kelele tukawafukuza sisi wawili, na hakunikumbusha hata siku moja yale majivu. Angenisema ingekuwa nafuu.

Sasa msibani watu wanasema tembo wametoka nje ya njia yao, wamekuwa na wazimu, wapigwe risasi. Keshokutwa kuna mkutano wa kijiji. Maneno hayo nimeyasikia nimekaa jikoni, Yusta, binti wa Skola wa miaka tisa, ameniegemea. Mtoto huyu anakatiza shamba lile lile kwenda shule. Na Deo wangu pia.

Ndugu zangu mnaonisoma, tembo hawajatoka njiani. Tuliwahamishia njia kwenye karatasi tu, na aliyelia ni mimi. Skola msimseme, alinionea huruma.

Nitasimama kwenye mkutano niyaseme haya haya, ili waje wapime upya pale wanapopita kweli. Shamba likienda liende. Mume wangu amesema nikae kimya. Naogopa, na hata hapa nimeandika nikafuta mara nyingi.

Yusta leo amekula kidogo, uji nusu kikombe. Nitamlea na wangu, Skola, hilo usihangaike nalo. Ila shamba likishaondoka sijui nitawalimia wapi chakula, na mtu wa kumuuliza jambo kama hili ulikuwa wewe.

Nisamehe. Pumzika sasa, mwenzangu.