Magauni ya Kukulia

Nawadharau watu wanaobandika nguo kwa gundi. Nasema mapema ili anayetaka kukasirika akasirike sasa hivi. Mwaka 2015, tukiwa na miaka miwili Louisville, Marekani, shule ya binti yangu iliandaa mchezo wa watoto, ikaomba wazazi watengeneze mavazi ya kondoo nyumbani. Nilikata blanketi la manyoya, nikatia bitana, zipu, na masikio yanayosimama yenyewe. Siku ya mchezo nikakuta kondoo wengine wote ni fulana zilizopakwa gundi ya moto na kubandikwa pamba. Pamba ikawa inadondoka jukwaani utadhani kuna kuku ananyonyolewa. Mwalimu akapita kwa kila mzazi na "good job" yake. Mimi na mwenye gundi tulipewa sifa ya ukubwa uleule, nikarudi mtaani kwetu South End nimenuna.

Mimi ni fundi. Nilifundishwa kwetu Uvira, Kongo, na shangazi yangu, aliyekuchapa vidole kwa rula ukipindisha mshono, na katika kambi ya wakimbizi Tanzania nilishonea nusu ya kanisa. Louisville nikawa mtu wa kufunga maboksi ghalani. Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Columbus kwamba anaoa, na kwamba watoto tisa wa kike wa ukoo watatangulia mbele ya bibi harusi wamevaa kitenge kimoja, sikungoja kuombwa.

"Miye ndiye nitashona bote," nikamwambia.

Nilitaka ukoo mzima, uliotawanyika katika miji mitatu, uone kwamba mikono yangu haijafa. Nilitaka pia binti yangu, aliyepangwa kuwatangulia wenzake na kikapu cha maua, apendeze kuwazidi wote. Sioni aibu kulisema.

Wa kwanza kuniudhi alikuwa wifi yangu wa Buffalo, mke wa kaka yangu mkubwa. Huyu hajui sindano inashikwa upande gani. Kifungo kikikatika, anatupa shati. Alinipigia kutoka kwake, mtaa wa Riverside, akitaka tununue magauni dukani.

"Wifi, juu ya nini ujichokeshe? Bon, tuende tu ku magasin. Ma-robe iko mingi, tena iko muzuri."

"Ile ya magasin haijue mutoto," nikamjibu. "Nitumie vipimo ya batoto yako."

Akatuma. Mama za watoto wengine nao wakatuma, kila mmoja kwa simu yake, na mimi nikaandika yote kwenye daftari bila kuuliza swali.

Kwetu nguo ya mtoto haikatwi sawa na mwili. Inakatwa ya kukulia: vidole vinne zaidi kwenye pindo, viwili ubavuni, ili aivae miaka mitatu na kisha amrithishe mdogo wake. Nikaongeza vidole vyangu kwa watoto wanane, kama nilivyofundishwa. Wa tisa, binti yangu, sikumpima. Nilikuwa na vipimo vya gauni lake la Pasaka, na zaidi ya hapo, nimemzaa mimi, namjua. La kwake nililikata sawasawa na mwili, nikakata kitambaa cha ziada ndani ya mishono mpaka ukabaki ukingo mwembamba, kwa sababu siku hiyo sikutaka afanane na mtoto wa kambini aliyevikwa gunia. Nilishona wiki tano, kila asubuhi yeye akiwa shuleni, kabla ya zamu yangu ya mchana.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, tukakusanyika Columbus nyumbani kwa mdogo wangu, nikaanza kuwavisha. Mtoto wa kwanza alipotea ndani ya gauni, mabega yakamshukia kwenye viwiko. Wa pili alikanyaga pindo akalala kifudifudi kwenye zulia. Wa tatu alitoa mkono kupitia shingoni.

"Mulipima nani?" nikawauliza mama zao. "Ba-baba yao?"

"Nilimupima yeye, dada," akasema mmoja. "Kisha nikaongeza kidogo, donc akulie mule."

"Na weye?"

"Na miye niliongeza."

Kumbe wote walikuwa wameongeza, na mimi nikaongeza juu ya nyongeza yao. Niliwaambia kuongeza ni kazi ya fundi, kazi ya mama ni kupima na kunyamaza. Niliwaambia mengine pia. Nilisema mama asiyejua upana wa mtoto wake hana tofauti na jirani anayemwona akipita nje. Kisha nikatoa cherehani kwenye buti la gari, nikaiweka juu ya meza ya chakula, nikafumua na kupunguza magauni manane, wao wakinishikia pini kwa adabu. Nilifurahi mno. Wifi yangu alikaa kwenye kochi anakula karanga.

Kufikia saa kumi na moja jioni watoto wanane walikuwa wamependeza, na mama mmoja alikuwa ameniita fundi mara mbili. Hapo ndipo nilipomwita binti yangu. Nilikuwa nimemwacha wa mwisho makusudi, ili waone tofauti.

Zipu ilifika katikati ya mgongo ikagoma.

"Vuta tumbo," nikamwambia.

"I am, Mama."

Nikavuta tena, nikasikia nyuzi zikikatika kiunoni. Mikono ya gauni iliishia mbali na vifundo vya mikono yake, pindo likamkaa juu ya magoti. Nikaligeuza ndani nje nitafute pa kulegeza, na hapakuwa na pa kulegeza, nilikuwa nimekata kila kitu kwa mkono wangu. Kitenge kilikuwa kimekwisha. Wale akina mama wangeweza kunicheka, ilikuwa haki yao. Hawakucheka; mmoja aliinama akaanza kuniokotea pini, na hilo likaniumiza kuliko kicheko.

Wifi yangu akaweka karanga chini. Akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na gauni jeupe likiwa bado ndani ya nailoni ya dukani.

"Ni ya akiba tu, wifi, usikasirike. Nilimuuliza ku telefone, akaniambia."

"Alikuambia nini?"

Binti yangu ndiye aliyejibu, akiangalia miguu yake. "Size ten. I told Auntie I'm a ten."

Sikujua kama mwanangu ana namba yake ya nguo za dukani. Tangu Pasaka, nikirudi kutoka ghalani namkuta amelala, nikiamka ameshapanda basi la shule. Jumapili namwona kanisani, naye kanisani huwa ameketi.

Nikamvisha mwenyewe. Zipu ilipanda mpaka juu bila kukwama. Nikatafuta kosa kwenye mshono ule wa dukani, nikalipata upande wa kushoto, kubwa, la mtu aliyeshona kwa haraka. Nikaulaza mshono kwa kidole gumba. Nikachukua utepe wa kupimia, nikampima mwanangu mabega, kifua na kiuno, wote wakinitazama, ingawa hapakuwa na chochote kilichobaki cha kushona.