Herufi Chini ya Kichupa

Agnetha wa Kharumwa hukamua mafuta ya parachichi, na sisi majirani zake tumeyapaka kichwani na mwilini miaka yote hii. Huponda matunda yaliyoiva sana, huyaanika juani, kisha huyaminya kwa kitambaa mpaka mikono imuume. Ana maringo ya kazi: kichupa chenye kifuniko kilichopasuka hakiuzi, hukitumia nyumbani. Nilimwonya mara ngapi kwamba vichupa vya kuokotaokota vitamponza. Alinicheka.

Jumatano asubuhi nilikuwa uani kwake mumewe aliporudi. Ngusa huosha mchanga wa machimboni kule mwaloni, na dhahabu huinasa kwa zebaki.

“Mama Vumilia, kichupa changu cha zebaki kiko wapi? Nilikiacha hapo kichanjani wiki iliyopita. Kilibaki na tone tu.”

“Cha namna gani?” Agnetha aliuliza.

“Kama hivyo vyako vya dawa. Chini nimekwaruza N.”

Agnetha akakaa chini. Vichupa vya kichanjani alikuwa amevisuuza vyote na kuvijaza mafuta. Zebaki ni sumu, kila mtu wa machimboni anajua hilo, na maji ya kusuuzia hayaiondoi. Tukavigeuza vilivyokuwa kabatini kimoja kimoja. Hakuna herufi. Alichouza ni kimoja tu, kwa Serafina, aliyejifungua majuzi.

Tukatoka mbio. Njia nzima nilikuwa namlaani Agnetha kimoyomoyo huku namwombea. Tulimkuta Serafina amemvua mtoto nguo, mafuta yako kiganjani.

“Usimpake, mdogo wangu,” Agnetha alisema, hata salamu hakutoa. Akachukua kichupa, akakigeuza.

Chini palikuwa peupe. Akakigeuza tena, akanipa na mimi nione. Hakuna kitu. Tulicheka kama wendawazimu, Serafina anatushangaa.

Tulirudi taratibu, Agnetha akisema labda Ngusa amekisahau mwaloni. Binti yake Vumilia, wa miaka minne, alikuwa anatusubiri kizingitini. Mkononi alishika kichupa kutoka dirishani, chenye kifuniko kilichopasuka.

“Mama, leo hujanipaka.”

Agnetha alikipokea. Hakutaka kukigeuza, nikakigeuza mimi. N hiyo hapo.

“Toka Jumapili,” aliniambia. “Kichwani na usoni. Kila asubuhi.”