Mbwa Aliyekula Ndagala Zilizonyeshewa

Mnisamehe mwandiko huu. Shule niliiacha mapema, mkono wangu huenda polepole, na huenda maneno mengine nimeyakosea herufi.

Hapa Baraka, kando ya ziwa, tunaanika ndagala, wale samaki wadogo, juu ya mchanga. Msimu mmoja mvua ilizinyeshea zikaoza, mama akazitupa nyuma ya nyumba. Asubuhi iliyofuata mbwa wetu, yule aliyekuwa akifukuza kunguru kwenye samaki, akaanza kutapika ghafla. Alitapika mpaka likabaki povu tupu, kisha akalala ubavu.

Baba mkubwa alisema jirani amemlisha sumu. Kwetu, anayeshukiwa kula sumu hunyweshwa mafuta ya mawese, kwa hiyo akaniagiza chupa, nikaileta. Mimi ni mtu wa kunyamaza mbele ya wakubwa. Hata shuleni nilijibu nikitazama miguu yangu. Lakini niliwahi kuona mbuzi akimiminiwa mawese hivyo. Yalimwingia mapafuni, akakohoa hadi akafa.

Nikachokoa matapishi kwa kijiti. Ndagala na mchanga, damu hakuna. Nikamfunua mdomo, ufizi ulikuwa bado mwekundu.

"Baba mukubwa, hapana," nikasema. "Si sumu, ni ndagala za kuoza. Mafuta itamuua."

Alinitazama kama vile chupa ndiyo imesema. "Leo uko na sauti? Basi, munganga wa bambwa, muponye. Akikufa, ni wewe utachimba shimo."

"Nitachimba," nikajibu, wala sikuondoka.

Nilimvuta kivulini, nikafanya kama mama alivyofanya mdogo wangu alipotapika. Chakula nikakificha. Tumbo lilipotulia nikampa maji kidogo ndani ya kijiko, alambe mwenyewe, maana bakuli zima angelirudisha lote. Akatapika tena. Nikangoja, nikaanza upya. Baba mkubwa alipita akiuliza kama jembe liko tayari. Nikajaza kijiko tena.

Jioni mbwa aliinua kichwa, akanywa, na maji yakakaa. Kesho yake alilamba uji mwepesi. Baba mkubwa aliirudisha chupa jikoni. Akachukua jembe, akazifukia ndagala zote zilizobaki.

Mpaka leo sijui ningefanya nini kama ningeona damu, au kama ufizi ungekuwa mweupe. Ninyi mnaofuga mbwa huko Kazimia na Lubondja, niandikieni mnavyofanya. Nasoma polepole pia, lakini nitasoma yote.