Meno Yaliyobebeshwa Mapema

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya meno, Kinondoni, nilipewa ndoo ya plasta nikaambiwa nikoroge mpaka ifanane na uji mzito. Nilikuwa nimetoka Keko kutengeneza makabati, na kabla ya hapo nilifyatua matofali Kibamba. Shule niliiacha darasa la sita. Ila kila nilichokishika nilitaka kujua kwa nini kiko hivyo, nikabaki pale mpaka nikaitwa fundi.

Enzi zetu kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayokaa mahali pa mzizi wa jino, kilifunikwa chini ya ufizi miezi kadhaa ili mfupa ukishike. Ndipo jino lilipowekwa juu yake. Sisi tuliita kukibebesha. Baadaye ikaja namna ya kukibebesha siku hiyohiyo. Nimeona ikifaulu, lakini skrubu iwe imekaza tangu inapoingia, na jino la muda liwe fupi, lisigusane na la chini.

Mwalimu Saumu alifundisha watoto Kurani, Temeke. Ajali ya bodaboda ilimng'oa meno mawili ya mbele, ya juu. Herufi thaa hutoka ncha ya ulimi ikigusa meno hayo. Kwake ikawa inatoka kama sini. Meno bandia ya kuvaa na kuvua yalimteleza akisoma, na wazazi walishaanza kuhamisha watoto.

Ikaamuliwa abebeshwe siku hiyohiyo. Siku ya kuwekewa skrubu niliitwa kliniki kulinganisha rangi ya meno. Nikaona spana inazunguka tu, haikazi. Nikamfuata Daktari Mkuu, aliyeziweka, koridoni.

"Daktari, zile skrubu zinacheza. Si tusubiri?"

"Wewe si ulikuwa unapigilia makabati Keko? Niletee meno, mfupa niachie mie."

Nikaleta. Nikayafanya mafupi.

Siku ya tatu mwalimu akarudi. "Fundi, hebu sikia: thalatha." Ikatoka salasa. "Watoto wananicheka, wallahi. Niongezee kidogo tu."

"Yakirefuka yatagongana na ya chini, Mwalimu."

"Nitakunywa uji mwezi mzima. Nisaidie, baba."

Daktari alikuwa na mgonjwa. Nikayavua, nikayarefusha mwenyewe. Akasoma aya palepale kwenye benchi langu, machozi yanamtoka.

Haikupita miezi miwili, skrubu zote mbili zikatoka. Mfupa ulikuwa umelika, hapakuwa na pa kushikiza tena. Madrasani akampisha mwalimu mwingine.

Sasa nimestaafu. Mafundi vijana huniuliza wasubiri muda gani. Nawaambia skrubu ikicheza, subirini, hata mgonjwa akilia. Wanaitikia, halafu simu ya daktari inaita, nao wanakwenda.

Mwezi uliopita nilimkuta Mwalimu Saumu gengeni akipanga nyanya, mdomo kaufunika kwa ushungi.

"Shikamoo, fundi. Yale yalikuwa makosa yangu," alisema. "Mie ndiye niliyekulazimisha."

Nilijua skrubu zile zilikuwa zinacheza kabla hajaniomba lolote.

"Marahaba," nikamjibu, nikaendelea kuchagua nyanya.