Kinyozi Aliyeficha Kikohozi

Wanaosema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, hawajakutana na kinyozi huyu ninayesimulia habari zake. Yeye kikohozi alikificha, tena alimficha mtu asiyestahili kufichwa hata kidogo: aliyekuwa anamtibu.

Alikuwa kinyozi wa wembe, na wembe si mashine. Ukikohoa na mashine mkononi, mteja atatoka na alama kichwani, mtacheka yaishe. Wembe uko shingoni mwa mtu! Kikohozi chenyewe kilianza na mafua ya kawaida. Mafua yakaenda zake, kikohozi kikabaki, kikavuka mwaka. Kilikuwa kikavu, cha ghafla, kinaanza na mtekenyo mdogo kooni kisha kinamkunja mtu mzima mpaka machozi yanamtoka. Hospitali walimpiga picha ya kifua, wakapima makohozi, wakampa dawa ya kifua na ya asidi ya tumbo, wasione kitu. "Si kifua kikuu," alikuwa akiwaambia wateja hata kabla hawajauliza, na kwa kujitetea hivyo ndivyo alivyozidi kuwatia wasiwasi.

Siku moja kikohozi kilimkamata wembe ukiwa chini ya sikio la mteja. Ulikuwa mkwaruzo tu, lakini yule bwana aliruka kutoka kitini, povu shavuni, taulo shingoni, akakata mtaa nalo. Hajarudi hadi leo, wala taulo.

Mwenye saluni alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu ambaye mdomo wake hauna breki. Siku hiyo hakutania.

"Shemeji, nakupenda, lakini shingo za watu si za kujaribia. Shika mashine kwanza. Ukipona, wembe wako. Mwaka huu ukiisha hujapona, nitatafuta mtu mwingine, usinichukie."

Kinyozi akasema sawa, na jioni ile alikula bila kuonja. Iliuma, tusidanganyane. Kazi ya wembe ndiyo aliyoijua tangu ujana, watu walivuka mitaa kumfuata yeye. Kwa mashine alikuwa kama mtu yeyote mwenye mashine.

Daktari wa kifua ndiye aliyemwelekeza kwa mtaalamu wa koo na sauti, binti mmoja aliyekaa mji wa mbali na kufundisha wagonjwa kwa video. Hakuna sindano, hakuna vidonge, ni mazoezi tu.

"Koo lako lina hasira za karibu, baba," alimwambia siku ya kwanza. "Vumbi kidogo, harufu kidogo, limelipuka. Humo ndani hakuna kitu cha kutoa. Kwa hiyo tutalifundisha adabu."

Mtekenyo ukija, funga mdomo, vuta hewa taratibu kwa pua, itoe kwa midomo iliyobana kana kwamba unapoza chai, kisha umeze mate au funda la maji. Kinyozi aliyapenda masomo. Kila wiki alikaa mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye cherehani ya mkewe, shati limenyooshwa pasi kama anakwenda kuposa.

Tatizo ni malezi. Alilelewa kwamba mtu hakohoi usoni mwa mwenzake, sembuse usoni mwa binti wa watu, tena mtaalamu! Basi mtekenyo ulipomzidi, kidole kilikuwa tayari. Anazima sauti, anafunika kamera kwa kiganja, anakohoa hadi basi, anafuta macho, anarudi. "Samahani, mtandao." Binti naye, "Pole baba, hata huku unasumbua."

Wiki zikapita hivyo. Saluni anakohoa, nyumbani anakohoa, kwenye video ni malaika. Mpaka siku moja mtaalamu akatabasamu.

"Hongera sana, baba. Sijakusikia ukikohoa hata mara moja! Nadhani leo tufunge, nafasi yako nimpe mgonjwa mwingine."

Mkewe alikuwa pembeni anashona pindo. Alitema pini zote kiganjani.

"Haki ya Mungu, leo sinyamazi!" Akaingiza kichwa mbele ya kamera. "Mwanangu, usimfunge! Huyu anakohoa tangu umeanza kuongea. Huo mtandao ndio yeye!"

Lo! Kinyozi alitamani sakafu immeze. Binti alicheka mpaka akavua miwani.

"Baba, kwa nini?"

"Nikukoholee usoni, daktari? Si adabu."

"Na mteja akija kwako na kofia, hataki kuivua, unamnyoa vipi?"

Kinyozi akaondoa kidole kwenye simu, wakasubiri. Na kikohozi nacho kikaleta maringo. Siku zote hakiitwi kinakuja, leo kimeitwa hakitaki. Mkewe akachoka kungoja, akakung'uta kitambaa chenye vumbi la nyuzi. Kikaja. Kidole cha mume kikakimbilia simu, mke akakipiga kofi. Akakohoa waziwazi mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Hapo!" binti akapaza sauti. "Kabla hujakohoa umevuta hewa kwa mdomo, kwa pupa, mabega yakapanda. Hewa hiyo ndiyo inayolikwaruza koo. Mazoezi unayajua, baba, ila unayaanza ukiwa umeshachelewa. Na mimi ningekuonyeshaje, wakati kipande hicho ndicho unachonificha?"

Wakarudia tena na tena, mdomo umefungwa, mabega chini. Mtekenyo mmoja ukapanda, ukasimama kooni, ukashuka.

"Umeuweka wapi?" mkewe akauliza.

"Umepita," akasema, na machozi yakamtoka bila kukohoa.

Hakupona siku hiyo, nisiwadanganye. Lakini kikohozi kikaanza kupungua, na mwaka ukielekea ukingoni akaenda kuomba wembe wake. Shemeji akawageukia wateja kwenye benchi. "Nani wa kwanza?" Kila mtu akakumbuka simu yake.

Shemeji akashusha pumzi, akakaa kitini mwenyewe. "Nikifa, dada yangu akuache," akasema, akafumba macho na kung'ang'ania mikono ya kiti.

Wembe ulikuwa umefika chini ya taya ndipo harufu ya povu ilipomgusa koo. Mtekenyo ukapanda. Kinyozi akainua wembe juu, akafunga mdomo, akavuta hewa kwa pua, taratibu, akameza.

"Mbona umesimama?" shemeji akauliza kwa woga.

"Tulia."

Ukapanda tena, mkubwa zaidi. Akanywa funda la maji, akangoja. Ukashuka. Akarudi shingoni, akamaliza shavu lile lote kwa mkono uliotulia.

Shemeji akafumbua macho, akajipapasa, akasogelea kioo akitafuta damu. Hakuiona. Benchi zima lilikuwa linamtazama.

"Bado huku," akasema, akageuza shavu la pili, akafumba macho tena, na safari hii mikono akailaza mapajani.