Mkanda wa Makokha Kwenye Msumari

Watu wa siku hizi wakisikia karate hufikiri ni mateke tu. Mimi niliishi mtaa wa Mbotela karate ilipoingia, na mimi ndiye niliyewashonea vijana nguo zao za kwanza, kutoka kwa mifuko ya unga ya kitambaa. Niliichemsha kwa sabuni mpaka maandishi yakatoka. Ukiona picha yao ya miaka ile wamesimama mstari mbele ya ukumbi wa jamii, mishono ile ni yangu. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya ukumbi, mlango ukiwa mkono wangu wa kushoto. Kwa hivyo haya niliyaona, sikusimuliwa.

Mwalimu wao alikuwa Makokha, jirani yangu, mtu wa magharibi mwa nchi, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alifanya kazi kiwanda cha mabati kule Industrial Area, na karate alifundishwa na fundi mmoja Mjapani aliyeletwa kutengeneza mashine. Ukutani, karibu na mlango wa ukumbi, Makokha alipiga misumari. Anayekuja na hasira hafungi mkanda. Anautundika pale, anachukua ufagio, anafagia ukumbi mpaka moyo wake utulie. Haulizwi amegombana na nani.

"Ukipiga ukiwa umekasirika," aliwaambia, "hata hujui umempiga nani. Fagia kwanza."

Vijana walicheka, lakini walifagia. Sakafu ile haikuwahi kuwa safi namna ile tena.

Makokha alikuwa na ndugu mdogo, Wekulo. Jioni moja Wekulo alibishana na kijana wa hapo hapo Mbotela, Maingi, nje ya baa. Maingi akamrushia ngumi moja. Wekulo akaanguka, kichwa kikagonga jiwe la ukingo wa barabara, hakuamka. Maingi alifungwa. Makokha alimzika ndugu yake kwao, akarudi, akaendelea kufundisha. Tukasema mtu huyu ana moyo.

Halafu mwaka wa 1979 Maingi akamaliza kifungo. Hakuwa na pengine pa kwenda ila kwa mama yake, aitwaye Wangu, mstari wa pili wa nyumba kutoka kwetu. Siku Makokha alipomwona akichota maji kwenye mfereji wetu wa bomba, alikuja ukumbini, akautundika mkanda wake mweusi kwenye msumari, akashika ufagio. Darasa akamwachia Mbuthia, mwanafunzi wake mkubwa. Kesho yake vile vile. Wiki ikapita, na nyingine, akawa anafagia tu.

Mferejini wanawake hawakumhurumia. "Mwalimu wa karate siku hizi ameandikwa na kaunsil ya jiji kufagia," mmoja akasema. Mwingine akajibu, "Wacha afagie. Angekuwa dume, tungekuwa tumeshakula matanga." Wakacheka na ndoo zao.

Annah, mkewe, hakucheka. Alikuja akakaa kando ya cherehani yangu, akaokota vipande vya kitambaa akivikunja bila sababu.

"Mama Wacuka, mume wangu hali chakula. Ananiambia hata chai inanuka ile baa. Ananiambia, Annah, nikikutana naye peke yake sijui mikono yangu itafanya nini."

"Amekuambia yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Naogopa watanifungia mume, na huyo mama yake Maingi azike mtoto."

Nilimpa chai.

Vijana wa Makokha nao walimtazama wakaelewa vingine kabisa. Jumamosi moja mchana, Mbuthia na mwenzake wa darasa, Kinyanjui, waliingia ukumbini wamemshika Maingi mikono, mmoja huku, mwingine huku. Jela ilikuwa imemkausha, shati linamning'inia. Kinyanjui alikwenda akafunga mlango wa nyuma. Mguu wangu ukasimama juu ya pedali.

"Mwalimu," Mbuthia akasema, "huyu hapa. Tumekuletea."

Makokha aliendelea kufagia mpaka akafika ukutani. Ndipo akageuka.

"Nani amewatuma?"

"Hakuna. Tumeona umejitayarisha vya kutosha."

"Nimejitayarisha?"

"Wiki zote hizi, Mwalimu. Si ulikuwa ukiiweka hasira?"

"Nilikuwa nikijaribu kuitoa," Makokha akasema. "Bado haijatoka."

Maingi alikuwa ameinamisha kichwa. "Kama ni kunipiga, nipige," akasema. "Mimi nimechoka kungojea. Kila nikitoka nje nangojea wewe."

Makokha akamsogelea mpaka wakawa karibu kugusana. Mkono wake wa kulia ulikuwa mtupu, na mkono ule nimeuona ukipasua mbao. Akauhamisha ufagio, akaushika kwa mkono ule, akaukamata sana.

"Nenda nyumbani, Maingi. Mimi bado sijamaliza kufagia."

Lakini nje watu waliomwona Maingi akiletwa walikuwa wamejaa, na wengine wana mawe. Makokha aliwaona. Akatoka naye. Maingi mbele, yeye nyuma, ufagio mkononi, na watu wakawapisha njia. Nami niliinuka nikawafuata. Mama yake, Wangu, alipofungua mlango akamwona mwanawe, na nyuma yake ndugu wa marehemu, alishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Baba Mulama, nakuomba," akamwambia Makokha.

"Nimekuletea mtoto, mama. Funga mlango."

Aliporudi ukumbini, Mbuthia na Kinyanjui walikuwa wamesimama pale pale.

"Mikanda," akawaambia. Wakaifungua, wakaitundika kando ya mkanda wake. Ufagio ulikuwa mmoja, kwa hivyo Kinyanjui alifagia kwa gunia, na hakuna aliyecheka.

Msidhani yaliishia hapo. Makokha alifagia mpaka mvua za masika zikaisha. Siku nyingine alikuja na uso mbaya kuliko jana yake. Maingi aliendelea kuchota maji mferejini, na hawakusalimiana.

Kisha asubuhi moja Makokha alikuja barazani kwangu kabla ya vijana kufika, mkanda umelala kiganjani. Msumari ulikuwa umeutoboa na kuutia kutu.

"Mama Wacuka, unaweza kuushona huu?"

"Naweza. Lakini hiyo kutu haitoki. Nikukatie kitambaa kipya?"

"Hapana. Ziba tundu tu."

Nikaziba, kwa uzi mweusi, mshono mdogo ambao mtu hauoni asipoonyeshwa. Alisimama akingoja. Nilipomkabidhi aliuzungusha kiunoni, akaufunga polepole, akavua viatu, akaingia. Annah alikuwa anapita na mboga. Alimwona ndani amefunga mkanda, akaweka kikapu chini, akakaa kando yangu mpaka darasa likaisha.